Isale kwa Mama Aikaeli

Pale Uru, mlimani juu ya Moshi, watu wakikosana hawakimbilii polisi. Wanamkimbilia Sirili.

Si kwamba Sirili ana cheo. Kanisani hana kazi zaidi ya kubeba msalaba siku za mazishi, na kwenye mikutano ya kijiji hukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Ni mkulima kama wenzake: migomba, ng'ombe wa maziwa zizini, na kahawa iliyozeeka ambayo kila mwaka anasema ataing'oa na kila mwaka haing'oi. Ni mrefu, mgongo umeanza kupinda, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba hata ukiwa naye meza moja inakubidi uinamishe kichwa. Labda ndiyo siri yenyewe. Mtu mwenye hasira akilazimika kuinama ili asikie, hasira nayo huinama.

Kazi hiyo aliianza ujanani kwa kutumwa. Baba yake alimpiga jirani kwa mpini wa jembe wakigombea zamu ya maji ya mfereji, kisha kiburi kikamzuia kwenda kuomba radhi. Mama yake, Bernadetha, ndiye aliyekwenda mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, penye ua wa masale, akakata jani moja refu la kijani, akalipiga fundo, akamkabidhi kijana wake.

"Ukifika usikae mpaka ukaribishwe," alimwambia. "Taja kosa kwa jina lake. Usilipunguze, usilipambe. Ukishataja, nyamaza, umpe jani kwa mikono miwili."

Sirili alikwenda. Yule jirani, jicho likiwa bado limevimba, alilitazama jani kwa muda mrefu kama mtu aliyewekewa chakula asichokipenda. Mwishowe alilipokea, kwa sababu Mchagga aliyelelewa akaleleka halikatai isale, jani la masale la kuombea radhi. "Baba yako mwoga," alisema, "lakini ametuma mtu mzuri."

Maneno hayo yalitembea. Tangu hapo, mume aliyekimbiwa na mke alimtuma Sirili kwa wakwe. Ndugu waliorushiana mapanga kwa ajili ya mpaka walimtuma Sirili. Mwenye ng'ombe aliyekula miche ya jirani, naye alikuja usiku akikohoa nje ya mlango: "Sirili, ndugu yangu, nisaidie miguu yako." Hakumtoza mtu chochote. Alikata jani, akapiga fundo, akaenda. Na kila jani likishapokelewa alisema maneno yaleyale aliyofundishwa na mama yake: "Jani limepokelewa, neno limekufa. Atakayelifukua, ni yeye na Mungu wake."

Hayakuwa maneno ya mdomoni tu. Binamu yake Basili aliwahi kupokea isale la jirani yake kwa ugomvi wa mpaka, kisha miezi mingi baadaye, kwenye kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, akaanza kuuchokonoa ugomvi uleule. Sirili alisimama, akamwaga mbege yake chini, akaondoka. Hakukanyaga kwa Basili tena mpaka Basili alipokwenda mwenyewe kwa huyo jirani kuyafuta maneno yake. "Sirili ni mpole," watu wakasema, "lakini kwenye jani ni chuma."

Huyo ndiye Sirili, na hivyo ndivyo alivyokuwa mwaka ule mwanawe Martin alipotaka kuoa.

*

Martin ni mtoto wake wa pekee, fundi umeme mjini Moshi. Lakini ukweli ni kwamba alilelewa na bibi yake. Dominika, mama yake, alikuwa mtu wa masoko. Alfajiri na mikungu ya ndizi hadi Bomang'ombe, kurudi giza limeingia. Mtoto alilala kwenye kitanda cha Bernadetha, akala kwenye sahani ya Bernadetha, na Bernadetha akawa anamwita "mume wangu" mbele ya watu. Martin alipomleta Doris, binti wa Bomang'ombe, kumtambulisha, bibi alimkagua kuanzia viatu hadi nywele.

"Kumbe huyu ndiye mke mwenza," alisema. "Sawa. Mimi mwenzio nimechoka, mwanangu. Lakini ujue huyu mume anakoroma."

Doris alicheka hadi akajifunika uso kwa kanga. Kuanzia siku hiyo wakawa wanaitana hivyo, mke mwenza na mke mwenza, hata kwenye simu.

Kamati ya harusi ilisema lazima uwepo ukumbi. Harusi ya nyumbani siku hizi, walisema, watu watafikiri mmefilisika. Martin akaenda kulipia ukumbi wa Mringaringa, chini mjini, kwa Jumamosi moja baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka kila mtu anaoa, maana Kwaresima hakuna ndoa, kwa hiyo kuishika siku kulihitaji malipo ya awali makubwa. Karibu michango yote iliyokwisha kukusanywa iliingia humo.

Jumatano ya Majivu, Bernadetha alianguka akitoka kanisani, jivu likiwa bado kwenye paji la uso. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Hospitali ilimrudishia uhai lakini haikumrudishia mguu, na ikala ng'ombe mmoja wa Sirili pamoja na akiba yote ya Dominika. Siku ya kumruhusu, daktari aliwaambia wamfikishe nyumbani polepole na wasimtikise tena barabarani. Akipata cha pili, alisema, hataamka.

Wiki hiyohiyo Martin alipanda kumwona. Bibi alimshika kidole kwa mkono wake mzima.

"Mume wangu," alisema, na kila neno lilikuwa kama jiwe analolisukuma. "Ndiyo naachwa hivi? Bila kumwona mke mwenza kwenye shela?"

Martin alitoka nje, akasimama kwenye migomba. Aliporudi alikuwa ameshaamua. "Baba, kama bibi hawezi kwenda harusini, harusi itakuja kwa bibi. Tutafanyia hapa kihambani."

Hakuna siku iliyokuwa na furaha kama hiyo nyumbani mwa Sirili. Bernadetha mwenyewe alichagua mikungu ya mbege, akielekeza kwa kidole kutoka kitandani kupitia mlangoni: ule, na ule, si ule. Ikapangwa kukatwa wakati wake na kuivishwa darini. Shida ilikuwa moja. Baada ya Pasaka ni masika. Mlimani kule mvua inaweza kunyesha wiki nzima bila kuvuta pumzi, na bila maturubai mazito na mbao za kukanyagia, wageni wangezama kwenye tope kihambani. Mwenye maturubai alikuwa mjini na hatoi kitu bila kulipwa kwanza. Wachangaji walikuwa wameshatoa. Kahawa ilikuwa bado kijani mtini. Fedha pekee iliyokuwepo duniani kwa ajili ya harusi hiyo ilikuwa imekaa kwa Mama Aikaeli, mwenye ukumbi.

*

Walikwenda wawili, baba na mwana. Mama Aikaeli alikuwa ameketi ukumbini katikati ya rundo la vitambaa vya viti, akivikagua kimoja kimoja, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Ni mjane wa asili ya Machame. Ukumbi ule aliujenga kwa mkopo baada ya kumzika mumewe, na hakuna fundi aliyewahi kumwibia hata mfuko mmoja wa saruji. Meza mbili mbele, familia nyingine ilikuwa inasubiri kuonyeshwa jukwaa.

"Shikamoo mama," Martin alisema.

"Marahaba, bwana harusi. Mbona umekonda? Wenzio hukonda baada ya ndoa."

Martin alicheka, akaeleza. Kadiri alivyoeleza, uso wa mama yule ulifungwa taratibu kama dirisha la benki jioni.

"Poleni sana kwa bibi," alisema. "Lakini malipo ya awali hayarudi, mwanangu. Ukienda dukani ukakatiwa kitambaa, kesho unakirudisha?"

"Mama, hujapika, hujapamba, hujafagia. Umetukatia nini?"

"Siku. Waliokuja nyuma yenu kuitaka niliwafukuza."

"Kumbe unauza siku za Mungu."

"Nauza paa, baba. Siku mnapewa bure."

Ile familia ya mezani ikacheka. Hicho ndicho kilichomharibu Martin. Sirili alimwona mwanawe akivimba shingo kama alivyovimba babu yake siku ile ya mfereji, na kabla hajamgusa mkono maneno yalikuwa yameshatoka.

"Wewe ni mwizi. Mwizi kama wezi wengine, tofauti yako ni kwamba unatoa risiti."

Kicheko kikakatika. Baba wa ile familia alimtazama mkewe, wakasimama, wakasema watapita siku nyingine. Mama Aikaeli aliwasindikiza kwa macho mpaka getini.

"Toka," alimwambia Martin, bila kupandisha sauti.

Martin alitoka. Sirili alibaki amesimama, kofia mkononi. Hakumtetea mwanawe wala hakumlaumu. Alimweleza tu yule mama habari za Bernadetha. Mume wangu na mke mwenza, mikungu aliyochagua kwa kidole. Mama Aikaeli alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama wote. Mwisho alivua miwani.

"Sikiliza, meku, mzee wangu. Kwa heshima yako, si ya yule. Siku hiyo naiachia. Nikipata mtu wa kuichukua, ninakurudishia yote, hata senti sikati. Nisipopata, tusilaumiane."

"Asante, mama."

"Nimesema mbele ya Mungu."

Sirili alipanda mlima siku hiyo na moyo mwepesi. Lakini wiki ilipita, na ya pili, na simu ya Mama Aikaeli ikawa haipokelewi. Hatimaye ujumbe mmoja uliingia kwenye simu ya Dominika: aliyeniita mwizi mbele ya wateja wangu aje alifute neno lake, ndipo tuongee.

"Siendi," Martin alisema. "Nikaombe radhi kwa kusema kweli?"

"Ulimtukana mama wa watu kazini kwake," Dominika alimwambia.

"Na yeye kanifanyia nini, mama? Kanibariki?"

Bernadetha, ambaye walidhani amelala, aligeuza kichwa. "Sirili," alisema. "Peleka jani."

*

Alilikata mwenyewe, asubuhi, mpakani pale pale palipokatwa la kwanza. Alilipiga fundo, akalifunga ndani ya jani la mgomba ili lisinyauke, akashuka nalo mjini ndani ya mfuko wa sokoni.

Mama Aikaeli alikuwa ofisini na shemeji yake, mzee Aminieli, anayemwekea hesabu. Jani likatoka kwenye mfuko. Mzee Aminieli alisogeza kikombe chake cha chai pembeni, kama mtu anayepisha kitu kipite.

Sirili hakuketi. "Mama," alisema, "mwanangu Martin amekuita mwizi, nyumbani kwako, mbele ya watu waliokuja kukuletea riziki. Wakaondoka. Kosa ni letu." Akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Mama Aikaeli hakunyoosha yake.

"Nakuuliza kitu kwanza, meku, maana nasikia wewe kazi hii unaijua kuliko sisi wa mjini. Mtu anaweza kuleta isale kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akawa anadai?"

Sirili alijua jibu. Mwenyewe alikuwa amewahi kumrudisha mtu njiani kwa sababu hiyo hiyo. Anayedai amesimama, anayeomba amepiga magoti, na hakuna mtu mwenye miguu minne.

"Haiwezekani," alisema.

"Basi chagua. Kama umekuja kuomba, nipe jani, tupatane, na hela hiyo nisiisikie tena mdomoni mwako wala mwa mwanao. Kama umekuja kudai, lirudishe mfukoni, tukae tudaiane. Lakini tusi lile litabaki palepale lilipo, na mwanao ataoa nalo."

Mzee Aminieli aliguna. "Shemeji, hilo ni zito."

"Na kuitwa mwizi ni jepesi?"

Jani lilikuwa bado limenyooka hewani. Katika maisha yake yote Sirili hakuwahi kuliona isale likirudishwa mfukoni. Alifikiri juu ya Martin akipiga magoti altareni na tusi la mjane kichwani mwake. Halafu alifikiri jambo lingine, na hili ndilo lililomwamulia: tukishapatana, huyu mama atarudisha mwenyewe. Ameahidi mbele ya Mungu. Mtu aliyepatana na wewe halazimishwi kutimiza ahadi. Katika safari zake zote za jani alikuwa ameona hivyo. Watu waliogombania mpaka kwa mapanga, wakishapatana, kila mmoja humwambia mwenzake, sogea kidogo huku, chukua. Hakuwa na sababu ya kuamini mjini pako tofauti.

"Nimekuja kuomba," alisema.

Mama Aikaeli alilipokea. Alilishika vizuri, kwa mikono miwili, kama mtu aliyefundishwa. Aliagiza soda, kwa kuwa mbege haikuwepo, wakanywa wote watatu, na ikawa zamu ya Sirili kusema maneno yake. Aliyasema. Jani limepokelewa, neno limekufa.

Alipita ukumbini kuelekea getini. Binti mmoja, mpambaji, alikuwa juu ya jukwaa akipima ukuta kwa utepe, pini zimejaa mdomoni.

"Baba, samahani, nishikie hapa," alisema. Sirili alimshikia ncha ya utepe.

"Kazi nzuri. Harusi ya lini hii?"

Binti aliitaja Jumamosi ile ile.

Sirili hakuuachia utepe. "Wamewahi kulipa?"

"Siku nyingi! Hata Kwaresima haijafika katikati walikuwa wameshamaliza kulipa. Sisi vitambaa tumenunua zamani. Vuta kidogo, baba. Hapo hapo."

Alivuta, akashikilia mpaka binti alipomaliza kupima. Ladha ya soda ilikuwa bado mdomoni. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Aliona bega la Mama Aikaeli, na jani likiwa limewekwa juu ya meza, kando ya kikombe cha chai. Ahadi ilikuwa imeshaiva wakati simu zinakataliwa. Sirili alipoulizwa achague, fedha ilikuwa tayari yake.

Angeweza kurudi. Hapakuwa na mtu wa kumzuia.

"Asante, baba," binti alisema. Sirili akaweka kofia kichwani, akatoka.

*

Nyumbani angeweza pia kuficha. Hakuficha. Aliwakalisha Martin na Dominika jikoni akawaeleza yote: swali, jani, soda, utepe. Martin alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama akaanza kuvaa koti.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwake. Kama hataki, baraza la kata. Alikuahidi wewe, mimi nilikuwa nje. Wewe ndiye uliyesikia. Twende ukaseme."

"Siwezi, mwanangu."

"Huwezi nini? Amekuibia, baba! Alikaa na jani lako mkononi akijua ameshauza siku!"

"Alilipokea akijua. Hilo ni lake na Mungu wake. Mimi nimesema limekufa."

"Kwa hiyo jani ni kubwa kuliko bibi?"

Dominika alisema, "Martin." Lakini naye alikuwa anamtazama mumewe, akisubiri jibu.

Wote Sirili aliowapelekea masale kwa miaka hiyo waliishi pamoja pale kijijini, wakiamkiana njiani, wakizikana, kwa sababu waliamini kwamba Sirili akisema limekufa, limekufa. Angeyaeleza vipi haya kwa mtu aliyevaa koti? "Bibi yako ndiye aliyenifundisha," alisema.

Martin alikwenda peke yake. Mama Aikaeli alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumfukuza wala hakumkaribisha. "Kamuulize baba yako tulivyoachana," alisema. Kwenye baraza nako walimpokea vizuri, wakamuuliza nani aliyeisikia ahadi. Baba. Mwite baba. Baba hakwenda.

Kutoka hapo Martin aliacha kupanda Uru. Alimpigia mama yake, alimwulizia bibi, alifikisha salamu za Doris, na baba yake hakumtaja. Basili, binamu, alikuja jioni moja akakaa. Wakati wa kuondoka alisema, "Sirili, ningekuwa mimi ningekwenda. Unanijua." Sirili akamjibu, "Nakujua."

Ukumbi haukuwepo tena, na maturubai hayakuwepo. Mvua ilianza wiki ya Pasaka na kihamba kikawa tope tupu kuanzia mlangoni hadi zizini. Ndipo baba yake Doris alipotuma ujumbe kwa mshenga, kwa upole mkubwa, kwamba kule kwao Bomang'ombe ni tambarare na pakavu, wana ua mpana, na kama upande wa bwana harusi hawataona vibaya, sherehe wangeifanyia huko. Upande wa kijana ndio wanaopaswa kufanya harusi. Sirili aliona vibaya, akashukuru. Wakati huo mikungu ya mbege ilikuwa imeshakatwa na kulazwa darini.

*

Siku yenyewe Dominika aliondoka alfajiri na jamaa wote kwenye gari la kukodi. Martin alikuwa amepita siku mbili nyuma kuchukua viatu vyake. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Unakuja Jumamosi?"

"Nani atamgeuza bibi yako kitandani?"

"Sawa," Martin alisema, akaingia ndani kwa bibi. Sirili alikuwa amesubiri aongeze neno.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia Bernadetha. Dominika alidhani Sirili atamwambia. Sirili alidhani Martin amemwambia. Martin aliingia, akamshika mkono, akatoka akifuta uso. Kwa hiyo alfajiri ile, kabla gari halijaondoka, bibi aliomba kuogeshwa. Aliomba kitenge chake cha bluu kilichokuwa sandukuni, na kilemba chake, na rozari. Dominika alimvalisha machozi yakimdondokea, na bibi alifikiri ni machozi ya mama mwenye harusi. "Usilie," alimwambia. "Utaharibu poda."

Sirili aliporudi kutoka kulisindikiza gari alimkuta ameegemezwa mito, macho mlangoni. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya migomba.

"Mbona kimya?" aliuliza. "Wapishi hawajawasha moto?"

Sirili alivuta kigoda, lakini hakukikalia. Alisimama mbele ya kitanda.

"Turubai liko wapi? Mke mwenza atalowa."

Taja kosa kwa jina lake. Usilipunguze, usilipambe.

"Mama," alisema, "harusi iko Boma, kwa kina Doris. Haiji hapa. Ukumbi hawakuturudishia hela, na mimi sikuidai. Hutamwona."

Bernadetha alimtazama. Ilichukua muda maneno kufika, kama maji ya mfereji yanavyochelewa kufika shamba la mwisho.

"Jani ulipeleka?"

"Nilipeleka."

"Likapokelewa?"

"Likapokelewa."

"Na hukurudi nyuma?"

"Sikurudi."

Alitikisa kichwa kukubali, polepole, mara moja. "Ulifanya vizuri," alisema.

Sirili alikuwa amengoja maneno hayo wiki nyingi. Sasa yalipokuja hayakumsaidia kitu. Jicho la upande uliokufa lilikuwa likitoa machozi kila siku bila sababu, na nyumbani walikuwa wamezoea kulifuta bila kuuliza. Safari hii lilikuwa la upande mzima.

"Nivue kitenge," alisema. "Kitakunjamana bure. Mtanizika nacho."

Alimvua. Haikuwa kazi ya mtoto wa kiume, lakini hapakuwa na mtu mwingine. Alimfungua kilemba, akakikunja, akakiweka juu ya kitenge ndani ya sanduku. Alipofunga kifuniko, harufu iliyokuwa imejaa nyumba tangu juzi ilimfikia kana kwamba ndiyo kwanza inaanza: ndizi za darini, zilizoiva zikapita, zisizopikiwa mbege.

Bernadetha alikuwa amegeukia ukutani. "Zimeharibika," alisema. "Mpe ng'ombe."

Sirili alipanda darini, akaishusha mikungu mmoja baada ya mwingine, ile iliyochaguliwa kwa kidole, akaibeba kwenye tope hadi zizini. Ndizi zilikuwa laini mno, zikampasukia mikononi na kifuani. Ng'ombe alikula mkungu wa kwanza kwa pupa, wa pili taratibu, kisha akageuza kichwa. Sirili alibaki amesimama kwenye mvua, mikungu iliyosalia imelala miguuni pake.